Kadi Iliyopigiliwa Misumari

Jumatatu, 23 Juni

Baridi. Upepo wa mlima Kwaraa unaingia dukani bila hodi. Wateja hakuna. Nimekaa nikipanga upya kadi zangu.

Niandike hili kwa faida ya watakaokuja baada yangu. Mimi, Twalha, ndiye mtu pekee mjini Babati anayeweza kutambua kadi ya kompyuta ya zamani kwa kuitazama mgongoni tu. Matundu madogo ya mviringo yaliyopangana: kadi ya sauti. Matundu mawili ya waya wa simu ya mezani: kadi ya simu. Tundu fupi la vishimo vya mistari mitatu: kadi ya picha, ile inayolisha kioo. Tundu refu la vishimo vya mistari miwili: kadi ya printa. Sijawahi kukosea. Sosthenes, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anasema sijawahi kukosea kwa sababu sijawahi kuulizwa. Huo ni wivu.

Leo nimeulizwa!

Aliyeuliza ni Mama Amira. Nilimwaga chai. Mama Amira ni mjane, anatarizi nembo za shule kwenye masweta. Ana mashine kubwa ambayo marehemu mumewe aliinunua Arusha, kiwanda kilipofungwa, na kompyuta kuukuu ndiyo inayoiamuru mashine ishone wapi. Sasa kompyuta ikiwashwa inalia piii, pi, pi, na kioo kinabaki cheusi. Ana magunia ya masweta ya shule moja ya Singe. Shule inafungua tarehe nane Julai. Masweta yasipokuwa tayari, watoto watakaa darasani na baridi hii, na kazi hiyo mwakani itapelekwa Arusha. Alisema polepole kwamba tangu Baba Amira afariki, mashine hiyo ndiyo baba wa nyumba.

Nilimwambia asiwe na shaka. Shida hiyo ameileta kwa mwenyewe. Kisha nikaeleza asili ya kadi za picha kwa kirefu. Aliaga nikiwa katikati.

Nimeamua kumuoa. Yeye bado hajui, lakini kila jambo lina hatua zake.

Jumanne, 24 Juni

Ushindi!

Asubuhi niliifuata kompyuta nyumbani kwake. Binti yake Amira alikuwa ameshachomoa waya zote, mimi nikabeba boksi tu. Mama yake Mama Amira, Bi Mwanaharusi, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Nikampa shikamoo. Akanipa marahaba huku akitazama viatu vyangu. Bibi huyu asili yake Tanga, amekaa Babati miaka mingi, na hana haraka ya kumpenda mtu.

Nikaipeleka kwanza kwa Praygod, fundi wa pancha karibu na stendi. Kila fundi mjini hupulizia vumbi hapo, kwa mashine yake ya upepo: redio, televisheni, hata cherehani. Praygod akafyatua. Vumbi jekundu likafunika watu waliokuwa wakisubiri tairi zao. Akatoka pia mjusi mkavu. Waliosimama walinitukana kidogo, lakini hakuna sayansi isiyo na lawama.

Dukani nikaing'oa kadi ya picha, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, nikairudisha kwenye mfereji wake, nikakandamiza mpaka ikasema ta. Nikawasha. Pi moja tu! Kioo kikajaa maandishi meupe. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kuandika.

Fundi wa kawaida angefunga kava hapo hapo na kuirudisha. Mimi si wa kawaida.

Niligundua jambo. Kompyuta hii ina tundu la printa kwenye ubao wake wenyewe. Halafu chini kabisa, karibu na sakafu ya boksi, imechomekwa kadi nyingine yenye tundu lile lile refu. Mawili! Na Mama Amira hana printa hata moja. Mwenye jiko moja anataka mafiga sita ya nini? Kadi yenyewe ni kubwa na ina vidude vingi kuliko kadi za printa ninazozijua. Anasa tu za waliotengeneza. Nikaing'oa ili kompyuta ipumue.

Mfereji ukabaki wazi. Hapo ndipo wazo lilipokuja. Sosthenes ana kadi ya sauti kwenye ndoo yake ya vitu vibovu. Nikiichomeka, kila Mama Amira anapowasha kompyuta, itamwamkia kwa sauti yangu! Mwanamke akiamkiwa vizuri kila asubuhi, ndani ya mwezi atajiuliza mwenye sauti hiyo anakula wapi.

Nikavuka barabara na kumpa Sosthenes kadi ya printa, yeye akanipa ya sauti. Alitaka kujua hiyo ya kwangu inafanya kazi gani. Nikamwambia haifanyi kazi yoyote. Akasema basi inamfaa.

Alhamisi, 26 Juni

Siku nzito.

Jana nimeshinda nikirekodi salamu. "Assalamu alaykum, Mama Amira. Kazi njema." Nimeirudia mpaka jirani akagonga ukuta.

Leo nikairudisha kompyuta kwa bajaji, nimeipakata mapajani. Nikachomeka waya zote mwenyewe. Waya mnene wa mashine ya kutarizi ukaingia kwenye tundu la printa vizuri kabisa, hata skrubu zake zikakubali. Nikawasha. Kioo kikawaka. Bi Mwanaharusi akasema alhamdulillah. Mama Amira akatabasamu, nami nikayahifadhi meno yale moyoni. Nikasubiri sauti yangu.

Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

Sawa. Hilo ni la baadaye. Mama Amira akatandika sweta, akabonyeza kitufe. Mashine haikusogea. Kwenye kioo yakaja maandishi ya Kiingereza kwamba mashine haionekani. Haionekani! Mashine imejaza nusu ya chumba, ni kubwa kuliko kabati la vyombo!

Nikaizunguka mashine mara kadhaa kwa uso wa daktari. Nikaigusa shingo. Nikasema inataka mafuta. Amira akatumwa mafuta ya cherehani. Tukaipaka. Nikasema sasa inataka kupumzika.

Mama Amira aliitazama tu, akakunja lile sweta akalirudisha kwenye gunia. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 27 Juni

Baada ya swala nimepita kuangalia kama mashine imepumzika vya kutosha. Bado.

Nimelaumu umeme. Nimelaumu panya. Nimelaumu pia kiwanda cha Arusha, ambacho hakipo tena kujitetea. Bi Mwanaharusi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ndiye anayefagia chumba hicho. Ule waya mnene, akasema, siku zote ulikuwa unaingia kwa chini, karibu na sakafu, mpaka ufagio ukiugonga alikuwa anagombezwa. Iweje sasa unaingia juu?

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mambo ya matundu yana elimu yake.

Nilipofika njia panda elimu yangu ikanigeukia. Nikasimama. Bodaboda akanipigia honi. Kadi kubwa. Vidude vingi. Chini karibu na sakafu.

Haikuwa kadi ya printa. Ilikuwa ndiyo kadi inayoongea na mashine.

Nikakimbia kwa Sosthenes. Sikuhitaji hata kuingia. Mafundi wa mtaa wetu wana kawaida ya kutundika vitu vilivyokufa mlangoni ili watu wajue hapa ni kwa fundi: yupo mwenye redio bila tumbo, yupo mwenye feni bila mapanga. Sosthenes amepaka kibao kipya rangi ya bluu, SIMU NA KOMPYUTA ZINAPONA HAPA, na katikati ya kibao, juu kabisa, ipo kadi ya Mama Amira. Imepigiliwa misumari.

Niliumwa kweli. Kama misumari ile ingekuwa imepigwa kwenye paja langu ingekuwa nafuu.

Sosthenes akatoka, akaniuliza mambo Injinia, nikasema poa. Akaniuliza kama kibao kimependeza. Nikasema kimependeza.

Jumamosi, 28 Juni

Mtu wa kawaida angemwambia Sosthenes ukweli. Lakini Sosthenes angecheka, na kicheko chake kinafika sokoni. Kutoka sokoni mpaka kwa Mama Amira ni kuvuka tu mtaro. Kwa hiyo nimetumia akili.

Nimemwambia nimesikia kwa watu wanaojua kwamba mabango yenye vifaa vya umeme yatatozwa ushuru mkubwa kuliko mabango ya rangi tupu. Nikashauri aiondoe ile kadi mapema, hata mimi niko tayari kumsaidia kuitupa. Alishtuka. Alinishukuru sana. Nikaenda kunywa chai kwa furaha.

Niliporudi, alikuwa amepandisha kibao kizima juu ya paa ili wakaguzi wasikifikie.

Jumatatu, 30 Juni

Mpango wa pili. Ulikuwa mzuri. Nasisitiza, ulikuwa mzuri.

Nilichukua kadi yangu bora kuliko zote, ya simu, ya kijani kibichi, yenye matundu mawili safi. Nikampelekea Sosthenes kama zawadi. Nikamwambia ile iliyo kwenye kibao imechakaa, inamvunjia hadhi. Hii itavutia zaidi. Nikajitolea kupanda paani mimi mwenyewe kubadilisha.

Akasema tangu tujuane sijawahi kumpa hata msumari. Leo zawadi? Na juzi nimemwogopesha na ushuru? Akakunja uso. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kadi za zamani zina dhahabu.

Hapo nilipaswa kusema hapana. Lakini alikuwa ameuliza swali la kitaalamu, na mimi swali la kitaalamu siwezi kuliacha lipite. Nikasema ndiyo, kwenye meno yake upo mpako mwembamba sana wa dhahabu, hasa kwenye kadi kubwa zenye vidude vingi.

Kufikia saa za mchana kibao kilikuwa kimeshushwa, kadi imeng'olewa, imefungiwa kwenye kabati la chuma. Watu wamejaa mlangoni kwake. Praygod amefunga mashine ya upepo na kuleta redio yake ya zamani ipimwe. Mzee mmoja kutoka Sigino kaleta pasi ya umeme. Sosthenes amekaa kwenye kiti kama waziri.

Mimi sijauza hata kalamu.

Jumatano, 2 Julai

Leo sitaki utani.

Nimeenda kwa Mama Amira kumwambia kuna kifaa nimeagiza mbali na kiko njiani. Nilikuta mlango wazi. Mashine imefunikwa kanga. Yeye, Bi Mwanaharusi na Amira wamekaa mkekani, kila mmoja na sindano, wanatarizi nembo kwa mkono. Jembe, kitabu na mlima. Jembe, kitabu na mlima. Gunia halijapungua hata robo. Chumba kina baridi kwa sababu wamesogea mlangoni kutafuta mwanga.

Vidole vya Mama Amira vimefungwa vitambaa. Hakunilaumu. Alinikaribisha chai. Alisema nisihangaike sana, kompyuta ni ya zamani, kila kitu kina mwisho wake, yeye anamwomba Mungu tu watoto wasipate homa ya mapafu. Kisha akauma uzi akaendelea.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikaomba sindano. Nikatarizi nembo moja. Jembe langu halikuwa baya. Mlima ulitoka kama kiboko wa ziwani aliyelala. Bi Mwanaharusi akalichukua lile sweta, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja.

Nikiwa njiani nimefikiria kuvunja kabati la Sosthenes. Nimefikiria kumpa habari kwamba mama yake anaumwa kijijini. Nimefikiria kumwambia ukweli. Hilo la tatu nimelikataa haraka.

Alhamisi, 3 Julai

Naandika mkono ukiwa mzito.

Bi Mwanaharusi alikuja dukani asubuhi, na fimbo yake. Hakukaa. Akaniuliza swali moja: kile nilichokitoa kwenye sanduku kiko wapi?

Nilianza na historia ya kadi. Akarudia swali lile lile, kwa maneno yale yale. Nikasema Sosthenes anacho. Na huo si uongo.

Akavuka barabara. Nikamfuata kwa nyuma ili kumlinda, maana Sosthenes akiwa na dhahabu anaweza kufanya lolote. Watu wakampisha. Akaipokea shikamoo ya Sosthenes, akamwambia: "Mwanangu, nimekuja kuchukua kadi ya mashine ya binti yangu. Anashonea masweta ya watoto."

Basi.

Sosthenes alisimama. Alisema, mama, sikujua. Alisema pole. Akafungua kabati la chuma mbele ya watu wote, akaitoa kadi, akaifuta kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili. Hakuuliza dhahabu. Hakucheka. Alinitazama tu kwa macho ambayo sikuyapenda, macho ya mtu anayemhurumia mtu.

Nilisikitika. Mipango yangu yote miwili ilikuwa na ufundi mkubwa kuliko huo wa kuomba tu.

Misumari ilikuwa imepita kwenye kona, mahali pasipo na njia za umeme. Nyumbani kwa Mama Amira nikaanza kuwaeleza kadi inavyoshikwa: pembeni, si kwenye meno, ukiwa umegusa kwanza chuma cha boksi ili mwili uachie umeme wake. Nikiwa bado naeleza umuhimu wa kuinamisha kidogo, Mama Amira alikuwa ameshaing'oa ile ya sauti, ameichomeka ya kwake mahali pake, chini, karibu na sakafu. Ikasema ta. Ile ya sauti akanikabidhi kama anayerudisha sahani chafu ya jirani.

Akabonyeza kitufe. Mashine ikatikisika, ikakohoa vumbi, sindano ikaanza kushuka na kupanda. Jembe. Kitabu. Mlima, tena mlima hasa.

Mama Amira aliweka kiganja juu ya mashine ikiwa inaenda, akainamisha kichwa. Alilia bila sauti. Bi Mwanaharusi akamshika bega. Mimi nikasimama nikitazama ukuta, na hapo nikaona nyumba hii haikuwa inanihitaji mimi hata kidogo, ilihitaji nikae mbali na kava. Liliniuma sana hilo.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa.

Wamefanya kazi hata jana, Sabasaba, watu wengine wakila sikukuu. Asubuhi hii, ukungu bado umeshika mlima, nimesimama barabara ya Singe kama mtu anayesubiri usafiri. Watoto wakapita. Masweta ya bluu, nembo kifuani. Wengine nembo za mkono, wengine za mashine. Hakuna aliyekuwa anatetemeka. Mtoto mmoja mdogo alikuwa amevuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, anatembea huku ananusa sufu mpya.

Nilijisikia vizuri isivyo kawaida. Bila mimi kusugua kadi ya picha, wangelivaa nini?

Nimeandika kibao kipya cha duka: MTAALAMU WA KADI. ALIYEOKOA MASWETA. Sosthenes amekisoma chote. Amesema herufi ni nzuri.

Jumamosi, 12 Julai

Habari njema!

Mama Amira ameniita chai. Mwenyewe! Amesema shule nyingine, ya Mutuka, imeyaona masweta ya Singe na imeleta ya kwao. Anaanza kesho alfajiri. Amesema hana kinyongo na mimi, kwamba niliingia kwa nia ya kusaidia, na kwamba nyumba iko wazi kwangu kwa sharti moja: nije kama mgeni, bila bisibisi.

Nimekubali mbele ya mama yake. Bisibisi nimeiacha dukani, mfukoni sikuwa na kitu ila leso.

Tumekunywa chai ya tangawizi. Tumekula mkate na siagi. Mama Amira amecheka mara moja, kwa kitu nilichosema mimi, na nikajua posa yangu haiko mbali. Kompyuta ilikuwa inawaka pembeni, kwa sababu Amira alikuwa anaingiza nembo mpya. Na mimi peke yangu, kati ya wote waliokuwa chumbani, nikasikia feni yake ikikwaruza.

Sauti ndogo. Mtu wa kawaida asingeisikia. Lakini nikajiuliza, feni ikikwaruza leo, kesho je? Na hii kazi ya Mutuka? Na watoto wale? Mama na binti wakaenda jikoni, Bi Mwanaharusi akaenda kutawadha. Nikazima. Ahadi yangu ilihusu bisibisi. Kisu cha siagi hakikutajwa na mtu yeyote.

Skrubu zilitoka bila shida. Mkono ukaingia. Nikakuta kadi ndogo ambayo mara ya kwanza sikuitilia maanani, imejibana nyuma ya waya, meno yake yamechafuka kiasi cha kusikitisha. Isingewezekana kuisugua pale, kifutio kiko dukani. Nikaitia kwenye leso. Nilikuwa nimeshafunga kava na kushika kikombe waliporudi, nikasema kompyuta nimeizima ipumzike mpaka kesho. Wameniaga vizuri sana, hadi mlangoni.

Sasa iko hapa mezani mbele yangu, inang'aa. Haina tundu lolote mgongoni, kwa hiyo bado sijaitambua ni ya nini. Lakini ni ndogo mno, na ndani ya boksi zimebaki nyingine. Sidhani kama itahitajika kabla sijaamka.